Bonsai Changa Inapogoma: Dalili, Chanzo na Tiba kwa Mti Uliochimbwa Mwanza

Mti ulioung'oa kwenye ufa wa ukuta kule Mabatini, au uliouokoa kwenye kiwanja kinachosafishwa Buhongwa, unafika nyumbani ukiwa umeshapoteza sehemu kubwa ya mizizi yake. Mwenye mti naye anafika na hamu: ameona picha, anataka tawi hili litoke, kilele kishuke, waya uzungushwe leo hii hii. Matatizo mengi ya bonsai changa huku kwetu, yaani miti inayofundishwa kubaki midogo chunguni, huzaliwa katika wiki hizo za mwanzo, kabla mti haujaonyesha dalili yoyote. Jani likigeuka njano mwezi wa pili tangu kuchimbwa, kosa lilifanyika mwezi wa kwanza.

Chanzo kingine ni kalenda. Maelekezo mengi ya bonsai yameandikwa Japani, Uingereza au Marekani, na yanasema kata mwishoni mwa majira ya baridi mti ungali umelala. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta. Hapa hakuna baridi ya kuulaza mti. Kinachousimamisha ni ukame. Mti wetu huamka mara mbili: mvua za vuli zinapoanza, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mvua za masika, Machi hadi Mei. Kipindi cha kuogopa ni Juni hadi Septemba, upepo mkavu unapovuma na chungu kinakauka kabla ya adhuhuri. Anayekata sana katika kipindi hiki anaudai mti nguvu ambayo hauna.

Kabla ya kutaja ugonjwa wowote, fanya vipimo vitatu. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha, anzia kitawi cha juu ukishuka kwenye shina: chini ya gome pakiwa kijani na unyevu, sehemu hiyo ni hai, pakiwa kahawia na pakavu, imekufa. Pili, chomeka kijiti cha mshikaki kwenye udongo hadi karibu na sakafu ya chungu, kiache dakika kumi, kisha kichomoe ukitazame na kukinusa. Tatu, shika shina kwa vidole viwili ulitikise taratibu. Shina likicheza ndani ya udongo, acha kutafuta sababu nyingine kwanza.

Shina linacheza kwenye chungu

Hili naliweka mwanzo kwa makusudi, maana hufichwa na dalili nyingine. Mchana upepo hutoka ziwani, usiku hurudi kutoka nchi kavu, na nyumba za milimani kama Isamilo na Bugando huupata wote. Mti usiofungwa huyumba kila siku, na kila ukiyumba unakata vinyweleo vya mizizi vilivyochipua jana. Kwa juu utaona majani yamenyong'onyea ingawa udongo una maji, ukuaji umesimama, na machipukizi yanatoka na kukauka yakiwa na urefu wa kucha.

Toboa matundu mawili ya ziada chini ya chungu, pitisha waya, uvushe juu ya mizizi minene na uikaze. Weka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli mahali waya unapogusa mzizi. Kama mti umeshapandwa na hutaki kuuchokonoa tena, zungusha kamba ya katani kutoka shinani hadi kwenye ukingo wa chungu, pande tatu. Ukishika imara, wiki chache zinazofuata utaona tofauti bila dawa yoyote.

Majani yote yamepukutika

Angalia kwanza ni mti gani na ni mwezi gani. Mbuyu hupukutisha majani kiangazi kwa kawaida yake. Ukiumwagia maji kila siku kwa huruma utauozesha mzizi wake mnene, ambao ndio ghala lake. Uache karibu mkavu, subiri vuli. Mkwaju nao hufunga majani yake kila jioni na kuyafungua asubuhi, na nimeshaona watu wakiukimbizia maji usiku kwa kudhani umenyauka.

Jamii ya mikuyu ikipukutisha majani wiki mbili baada ya kuchimbwa, mara nyingi haijafa. Mti umehesabu mizizi iliyobaki, ukaona haitoshi kunywesha majani yote, ukayaachia. Kwaruza gome. Kama ni kijani, kazi yako ni kuzuia unyevu usitoke: weka mti kivulini chini ya chandarua cha zamani kilichokunjwa mara mbili, au ufunike kwa karatasi ya nailoni inayoonyesha ndani, ukiacha upenyo wa hewa. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo nunua nailoni ya mita.) Nyunyizia shina maji asubuhi na jioni. Udongo mwagia pale tu kijiti kinapotoka kikiwa kimekauka nusu ya juu. Mti usio na majani haunywi, na hapa ndipo miti mingi hufa: mwenye mti anaona umekauka, anaongeza maji, mizizi inaoza.

Usiweke mbolea. Usikate chochote, hata kitawi kilichokufa, maana hujui bado mti utachagua kuchipua wapi. Subiri mpaka machipukizi mapya yafike urefu wa kiganja na majani yake yakomae rangi. Kabla ya hapo mti unatumia akiba tu.

Kwa mkwaju na mgunga, kinga ni bora kuliko tiba. Miti hii ina mzizi mkuu unaoshuka wima, na ukiukata siku moja unabaki na fimbo. Mwanzoni mwa vuli chimba mtaro nusu duara kuuzunguka mti, kata mizizi ya upande huo, rudishia udongo uliochanganywa na mboji. Masika malizia upande wa pili. Uung'oe vuli inayofuata ukiwa na mizizi mipya karibu na shina. Hata hapo uachie majani mengi. Mkuyu unavumilia kukatwa shina siku ya kuchimbwa, mkwaju huona hiyo ni adhabu mbili.

Neno kuhusu mahali pa kuchimba. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na humo hutoi hata mche. Misitu ya hifadhi inahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Lakini mji huu umejaa mikuyu iliyoota kwenye mifereji ya bati, kuta za mawe na nyufa za ngazi, na wenye nyumba wengi watakushukuru ukiwaondolea. Omba ruhusa kwanza.

Majani yanakuwa ya njano

Hapa ndipo watu hukimbilia duka la pembejeo. Subiri. Tazama ni majani gani yaliyoanza.

Yakianza ya chini na ya zamani, rangi ikififia jani zima kwa usawa, na mti uko kwenye udongo wa changarawe usio na mboji, kuna uwezekano mkubwa ni njaa ya naitrojeni. Mti wenye afya upewe samadi iliyooza vizuri au mbolea ya dukani ya NPK kidogo sana, punje chache pembezoni mwa chungu, kila baada ya wiki tatu au nne wakati wa mvua. Urea kavu kwenye chungu kidogo huunguza. Kuna wanaomwagia maji ya kuoshea samaki. Chungu kitanuka, inzi watakuja, paka wa jirani watachimbua mti wako, na mabaki yanayooza yatainyima mizizi hewa. Peleka maji hayo kwenye shimo la mboji.

Yakianza majani mapya ya juu, mishipa ikibaki kijani na nafasi katikati yake ikiwa njano, mti haupati madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo kwenye udongo, ila mizizi imedhoofika kwa maji kiasi kwamba haiwezi kukichukua. Chomeka kijiti. Kikitoka kimelowa chote na kinanuka tope la mtaroni, umepata jibu.

Na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu maji kusimama ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote, na tiba inayotumika sana ni ya uongo. Watu huweka kokoto kubwa chini ya chungu wakiamini maji yatashuka haraka. Hayashuki. Chembe za udongo huyashikilia maji mpaka tabaka la chini lijae kabisa, ndipo yanadondoka. Ukiweka kokoto chini, unalipandisha tu tabaka hilo lililojaa karibu zaidi na mizizi. Kimo chake kinategemea ukubwa wa chembe, hakitegemei urefu wa chungu. Udongo ukiwa unashikilia sentimita 3 za maji, kwenye ndoo yenye kina cha sentimita 30 hiyo ni sehemu ndogo. Kwenye sahani ya sentimita 5 ni zaidi ya nusu ya makazi ya mizizi. Ndiyo maana udongo uleule uliokuza mti vizuri ndani ya ndoo unauua kwenye chungu bapa.

Basi badilisha chembe, udongo wote, juu mpaka chini. Mchanga laini wa ufukweni, wa Luchelele au Nyegezi, haufai. Hushikana baada ya mvua chache. Udongo mweusi wa mbuga haufai kabisa. Bahati yetu ni kwamba mji umekaa juu ya mawe yanayomeng'enyuka yenyewe: chini ya majabali utapata changarawe kali yenye chembe za milimita 3 hadi 6. Ichekeche mara mbili, mara ya kwanza kuondoa vipande vikubwa, mara ya pili kuondoa vumbi, na vumbi hilo ulitupe bila huruma. Mchanganyiko ninaouamini ni sehemu mbili za changarawe hiyo, sehemu moja ya tofali la kuchoma lililopondwa na kuchekechwa, na sehemu moja ya mboji iliyokomaa. Vipande vya tofali hushika maji ndani yake huku vikiacha hewa katikati. Wapo wanaotumia pumba za mpunga zilizochomwa badala ya mboji. Zinafanya kazi, ila mti utahitaji kulishwa mara nyingi zaidi.

Kama mti unaoza sasa hivi na siyo msimu wa kupandikiza, usiuhamishe. Inamisha chungu upande mmoja kwa kuweka jiwe chini yake. Tabaka lililojaa hupungua mara moja kwa sababu umeongeza kimo kati ya pembe mbili. Ukae hivyo mpaka mvua zinazofuata.

Sababu moja zaidi ya njano, ambayo ni ya kwetu hasa: chungu kimewekwa juu ya jabali au chini ya ukuta wa bati. Saa nane mchana jiwe hilo huwezi kulikalia, na mizizi inapikwa upande mmoja. Majani ya upande huo hukauka kingo kwanza. Weka vyungu juu ya mbao zilizoinuliwa. Mchwa nao watapata kazi zaidi kukufikia.

Juu panashamiri, matawi ya chini yanakufa

Hii ndiyo lawama ya kawaida kwa mti uliofika mwaka wa pili. Mwenye nao anasema anapogoa kila mwezi, kwa usawa, mti mzima. Usawa huo ndio tatizo.

Mti unataka kwenda juu. Ncha ya kilele hutengeneza homoni ya oksini inayoshuka na kuyalaza macho ya chini, yaani vinundu ambamo chipukizi huanzia, yasichipue. Ukikata juu sentimita mbili na chini sentimita mbili, kilele kitarudisha zake ndani ya wiki mbili, tawi la chini litachukua miezi miwili. Ukirudia mara tatu, tawi la chini limeishiwa. Ongezea kwamba kilele sasa kinalitia kivuli.

Kata kilele sana, tawi la katikati kiasi, na la chini usiliguse. Liache lirefuke hata kama linakuudhi kwa sura. Ncha ya tawi hilo iinuliwe kidogo, kwa kamba ikibidi, kwa sababu tawi linalotazama juu hupata nguvu zaidi ya lililolazwa. Geuza chungu robo mzunguko kila wiki ili upande wa ukutani nao uone jua. Tawi la chini likifika unene unaoutaka, ndipo ulikate, na ulikate fupi.

Kwa ukataji wenyewe, naona hali yetu inafaa zaidi njia ya kusini mwa China kuliko ile ya waya ya Kijapani. Katika jimbo la Guangdong, nchi ya joto na mvua, mtindo wa Lingnan hutengeneza tawi kwa mkasi: unaliachia likue huru hadi unene unaoutaka, unalikata likibaki na macho mawili, unaliacha tena, unakata tena. Kila kipande huwa chembamba kuliko kilichotangulia, na tawi linapinda mahali ulipokata kama la mti mzee. Mwelekeo unaamuliwa na jicho: ukikata juu ya jicho linalotazama kushoto, tawi litakwenda kushoto. Jicho linalotazama ndani ya mti au chini kabisa liepuke. Inachukua misimu mingi, lakini mkuyu wa Mwanza unapata misimu miwili ya kukua kila mwaka.

Kama tawi la chini limeshakufa kabisa na mahali pake pako wazi, usikate tamaa kwa mkuyu. Hutoa macho kwenye shina tupu ukikatwa juu wakati wa nguvu zake. Mkwaju nao hutoa, kwa uvivu. Mgunga usiutegemee.

Shina linabaki jembamba mwaka baada ya mwaka

Umeuhamishia chungu kidogo mapema. Hakuna dawa nyingine ya kuzunguka hili. Shina hunenepa kwa sababu ya majani yaliyo juu yake na mizizi iliyo chini yake, na chungu bapa ni mahali pa kuutunza mti ulioisha kutengenezwa. Mti mchanga rudisha ardhini, au kwenye beseni pana lililotobolewa matundu mengi, au karai bovu. Ukiupanda ardhini, weka kigae chini ya mizizi ili isambae kando badala ya kushuka.

Halafu chagua tawi moja la chini liwe tawi la kafara. Hilo halikatwi kabisa, hata likizidi mti wenyewe kwa urefu. Shina litanenepa kuanzia tawi hilo kushuka chini, siyo juu yake, kwa hiyo mahali pa kuliachia ni muhimu kuliko unavyodhani: karibu na mizizi, na nyuma ya mti ili kovu lisionekane. Tawi hilo likilifunika kwa kivuli tawi unalolitaka, ondoa majani yake ya karibu na shina, acha ya mwishoni. Shina likitosha unene, punguza tawi la kafara kwa awamu mbili kisha uliondoe.

Rundo la machipukizi kwenye kidonda, au kidonda kinachooza

Ukikata shina la mkuyu, mwezi mmoja baadaye unapata machipukizi kumi kuzunguka ukingo. Inapendeza, na watu huyaacha yote. Baada ya miezi kadhaa sehemu hiyo inavimba, shina linakuwa nene juu kuliko chini, na uvimbe huo hauondoki. Chagua mawili mapema, yakiwa na urefu wa kidole: moja la kuwa kilele kipya, jingine la akiba kwa upande mwingine. Mengine yavunje kwa kidole.

Shina hukauka kurudi nyuma baada ya kukatwa, mpaka lifike jicho hai. Kwa hiyo mkato wa kwanza acha kisiki cha sentimita mbili au tatu juu ya jicho unalolitegemea. Chipukizi likishika, ndipo ukate kisiki hicho kwa mshazari kuelekea upande wa nyuma na ulainishe kwa kisu kikali. Anayekata karibu na jicho siku ya kwanza hulipoteza jicho lenyewe.

Kidonda kinachooza mara nyingi kimekatwa kwa mkasi butu uliosaga gome, au kimeachwa bapa kinakusanya maji ya mvua. Kichonge kiwe na mteremko, ondoa sehemu laini hadi ufikie mti mgumu, kausha, paka nta ya nyuki pembezoni. Mkuyu hujiziba kwa utomvu wake mweupe. Nyunyizia maji na utakoma kutiririka. Utomvu huo huwasha ngozi na ni hatari machoni, basi usijipanguse uso. Mkasi upanguse kwa spiriti kati ya mti na mti.

Waya umezama kwenye gome

Wakati wa masika mkuyu hunenepa haraka, na waya uliokaa sawa mwanzoni mwa Aprili unaweza kuwa umezama kabla mwezi haujaisha. Usiufungue kwa kuuzungusha nyuma, utabandua gome. Ukate kwa plaizi, kila mzunguko mmoja, uanguke wenyewe. Makovu ya mkuyu hufifia kadiri shina linavyonenepa. Ya mkwaju hubaki miaka.

Waya wa kufungia nondo ndio rahisi kupatikana, lakini ni mgumu, una kutu, na mkono unaoukaza hausikii tawi linapolia. Waya wa shaba uliovuliwa kwenye nyaya kuukuu za umeme ni bora zaidi. Uchome kwenye moto wa mkaa mpaka ulainike, uache upoe. Uwe na unene wa takriban theluthi moja ya tawi, uzungushwe kwa pembe ya nyuzi 45, usikaze. Kagua kila Jumapili, na mahali waya unapoanza tu kulibana gome ndipo pa kuutoa. Kwa matawi mengi huhitaji waya hata kidogo: kamba ya katani iliyofungwa kutoka tawi hadi ukingo wa chungu, na kipande cha mpira wa baiskeli chini yake, hulivuta tawi lishuke bila kovu.

Tawi likipasuka ukilipinda, acha hapo hapo, usilirudishe wala kuliendeleza. Likiwa limeshikamana nusu, lifunge kwa utepe wa mpira wa baiskeli ulionyooshwa, liweke kivulini, lisiguswe msimu mzima. Mkwaju uliokomaa huvunjika ghafla bila onyo. Pinda vitawi vingali kijani, na usiumwagie maji asubuhi ya siku hiyo, kwani tawi lililojaa maji ni gumu kupinda.

Mizizi yote iko upande mmoja

Ndivyo ilivyo kwa mti uliotoka ukutani: mbele kuna mizizi bapa iliyofuata ufa, nyuma hakuna kitu. Wengi huuzika ndani zaidi ili kuficha. Upande mtupu hautaota chochote kwa kuzikwa tu. Kwaruza gome la upande huo, wima, mistari mitatu mifupi hadi mti mweupe, ufunike kwa mboji yenye unyevu wakati wa mvua. Mkuyu hutoa mizizi hapo kwa urahisi.

Au ukubali ulichopewa. Mizizi bapa inayoshuka upande mmoja ndiyo hasa inayotakiwa kwa mti juu ya jiwe, na anayeishi Mwanza anaona mfano wake kila siku kwenye majabali ya Capri Point. Tafuta jiwe la matale (graniti) lenye nyufa, lenye urefu wa mara mbili ya chungu. Tandaza mizizi kwenye nyufa, ifunge kwa tepe za mpira wa baiskeli kutoka juu hadi chini, kisha zika jiwe lote kwenye ndoo ya changarawe. Mwaka wa kwanza usifukue kuangalia. Baadaye ondoa udongo wa juu sentimita chache kila msimu wa mvua, mizizi iliyofunuliwa ipate gome polepole. Ukifunua yote siku moja kabla ya kiangazi, itakauka.

Wadudu

Unga mweupe kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata. Vigamba vya kahawia visivyotikisika ni wadudu magamba. Majani yenye vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba chini yake, hasa Julai na Agosti, ni utitiri. Wote watibu kwa kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, jioni, chini ya majani pia, kisha suuza asubuhi. Rudia baada ya wiki. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka shinani, wafuate, maana wanawachunga vidung'ata kwa ajili ya utamu wao. Weka miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji na tone la mafuta ya kupikia.

Majani makubwa kuliko mti

Kwa mti ambao bado unajengwa hili si tatizo. Majani makubwa ndiyo yanayonenepesha shina, na jani la mkuyu hupungua lenyewe vitawi vikiongezeka na mti ukikaa juani. Kuondoa majani yote ili yarudi madogo hufanywa kwa mti wenye nguvu, mwanzoni mwa mvua, ukikata jani na kuacha kikonyo chake. Usifanye hivyo katika mwaka uleule uliobadilisha udongo. Kwa mkwaju usihangaike. Majani yake ni madogo tangu kuzaliwa.